Kutoka Mvuke hadi Dizeli: Vichwa vya Treni ya Abiria na Njia ya Reli ya Arusha

Mwezi Oktoba 2020 treni ya abiria iliingia tena katika stesheni ya Arusha baada ya takriban miongo mitatu bila huduma hiyo. Wananchi waliojitokeza kuipokea walitazama zaidi mabehewa, kwa kuwa ndiyo yaliyokusudiwa kuwabeba wao na mizigo yao. Hata hivyo, swali la iwapo treni ingeweza kufika Arusha lilikuwa limekwisha kujibiwa kwingine: mbele ya mabehewa hayo, katika kichwa kinachotumia dizeli, na chini yake, katika reli yenyewe.

Watu wazima wengi bado huiita treni garimoshi, ingawa moshi mzito uliolizalisha jina hilo ulikwisha kutoweka. Mabadiliko kutoka mvuke kwenda dizeli yalianza Ulaya zaidi ya karne moja iliyopita, yakapita Marekani na Asia, na yakaifikia Afrika Mashariki katika miaka ya 1960. Hayakufika kila mahali kwa wakati mmoja. Mashirika ya reli yalipeleka dizeli kwanza pale ambapo mvuke uliyatesa zaidi, na kwa kipimo hicho Arusha haikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo.

Reli chini ya Mlima Meru

Njia ya reli inayofika Arusha ilianzia Tanga. Wajerumani waliianza mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka 1911 ilifika Moshi, na mwaka uliofuata ikafunguliwa rasmi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliiendeleza kwa kilomita 86 kuelekea magharibi, na kufikia mwaka 1930 treni zilikuwa zikiingia Arusha. Urefu wote wa njia hiyo kutoka Tanga ni takriban kilomita 437. Upana wake ni mita moja, sawa na ule wa Reli ya Kati na wa reli ya zamani ya Kenya na Uganda.

Jambo moja husahaulika kuhusu miaka hiyo. Msafiri aliyepanda treni Arusha mwaka 1930 aliweza kufika Mombasa au Nairobi kwa reli, kupitia Kahe na Voi, kwa kuwa kipande hicho kilijengwa na jeshi la Uingereza wakati wa vita. Dar es Salaam hakuweza kufika kwa reli. Njia ya kaskazini na Reli ya Kati ziliunganishwa mwaka 1963, ulipokamilika ujenzi wa kilomita 188 kati ya Ruvu na Mnyusi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo, Arusha ilikuwa karibu zaidi na bandari ya Kenya kuliko na jiji kuu la nchi yake, kwa yeyote aliyesafiri kwa treni.

Njia hiyo huanza karibu na usawa wa bahari na kumalizikia katika mwinuko unaokaribia mita 1,400, ambako Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566 huonekana juu ya jiji. Treni zilishusha mkonge na kahawa kwenda bandarini, na zilipandisha bidhaa, barua na watu. Vichwa vilivyozivuta vilikuwa vya mvuke.

Gharama isiyoonekana ya mvuke

Kichwa cha mvuke ni mashine rahisi kuielewa lakini yenye madai mengi. Moto huchemsha maji ndani ya boila, mvuke husukuma pistoni, na pistoni huzungusha magurudumu. Mashine iliyopoa huhitaji saa kadhaa kabla ya mvuke kufikia nguvu ya kuondoka, na boila lazima lioshwe mara kwa mara kuondoa chumvi na magadi yanayoachwa na maji. Mbali na dereva, panahitajika mchochea moto. Katika joto linalotokana na mafuta au kuni zinazochomwa, sehemu isiyofikia moja ya kumi ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kuvuta. Iliyobaki hupotelea angani.

Tatizo kubwa zaidi kwa Afrika Mashariki lilikuwa maji. Kichwa kikubwa cha mvuke hunywa maji mengi kuliko mafuta, na reli za eneo hili zinapita katika nchi kavu: nyika ya Taru kati ya Mombasa na Voi, na tambarare za katikati ya Tanzania. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, lililijua hilo vyema. Lilipoagiza vichwa vya daraja la 30 katikati ya miaka ya 1950, liliviwekea matangi makubwa zaidi ili viweze kuvuka sehemu za Tanganyika zisizo na maji. Hata hivyo, suluhisho hilo lilikuwa na kasoro ya wazi: kila tani ya maji inayobebwa ni tani moja pungufu ya abiria au mizigo.

Njia ya Arusha haikubanwa na shida hiyo kwa kiwango kilekile. Mito inayotiririka kutoka milima ya Usambara, Pare, Kilimanjaro na Meru ilikuwa karibu, na treni zake zilikuwa nyepesi. Hali hiyo njema ndiyo iliyochangia njia hiyo kutopewa kipaumbele pale dizeli ilipowasili.

Mwaka 1912: jaribio lililoshindwa

Mhandisi Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Injini hiyo haihitaji boila wala moto wa nje. Mafuta hupuliziwa ndani ya silinda yenye hewa iliyoshindiliwa hadi kupata moto mkali, na huwaka yenyewe. Hutumia kwa manufaa takriban theluthi moja ya nishati iliyomo ndani ya mafuta, kiwango ambacho mvuke haukuwahi kukikaribia.

Wazo la kuiweka katika treni ya abiria lilikuja mapema. Mwaka 1912, mwaka uleule reli ya Tanga ilipofunguliwa rasmi hadi Moshi, kichwa cha kwanza kikubwa cha dizeli kilijaribiwa nchini Uswisi kati ya Winterthur na Romanshorn, kisha kikapelekwa Ujerumani. Kilijengwa kwa ushirikiano wa Diesel, kampuni ya Sulzer na mhandisi Adolf Klose, na kilikusudiwa kuvuta treni za abiria za kasi. Katika majaribio kilifikia kilomita 100 kwa saa. Lakini hakikudumu.

Sababu ya kushindwa kwake inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayofafanua umbo la karibu kila kichwa cha dizeli kilichofuata. Mvuke unaweza kusukuma pistoni hata kama gurudumu limesimama. Ndiyo maana treni ya mvuke huondoka polepole na kwa nguvu. Injini ya dizeli haina uwezo huo. Ikisimama, haina nguvu yoyote. Katika mashine ya mwaka 1912 injini iliunganishwa moja kwa moja na magurudumu, hivyo ilibidi hewa iliyoshindiliwa iisukume treni hadi mwendo wa takriban kilomita 10 kwa saa ndipo dizeli iweze kuwaka. Mtu aliyewahi kujaribu kuondoa gari mlimani bila kutumia klachi anaelewa shida hiyo.

Jibu lilipatikana kwa kuachana na wazo la kuunganisha injini na magurudumu. Injini ilifungwa kwenye jenereta, jenereta ikazalisha umeme, na umeme ukapelekwa kwenye mota zilizofungwa katika ekseli za magurudumu. Kwa njia hiyo injini huzunguka kwa mwendo unaoifaa hata treni ikiwa imesimama, na mota za umeme hutoa nguvu kubwa tangu mwanzo. Nchini Uswidi behewa dogo lenye injini ya namna hiyo, la nguvu farasi 75 tu, lilianza kubeba abiria mwaka 1913. Muungano wa Kisovieti ulijenga kichwa kikubwa cha mfumo huohuo mwaka 1924. Kichwa cha dizeli kinachofika Arusha, kwa maana hiyo, kinaendeshwa na umeme, tofauti na treni za Reli ya Kisasa ikiwa ni kwamba kiwanda chake cha umeme kinasafiri nacho.

Nani alihitaji dizeli kwanza

Katika miaka ya 1930 dizeli ilianza kubeba abiria kwa wingi, na aina za reli zilizoichagua zinaeleza mengi.

Za kwanza zilikuwa zile zilizotaka kasi. Mwezi Mei 1933 Ujerumani ilianza kuendesha kati ya Berlin na Hamburg treni ya mabehewa mawili yenye injini zake ndani. Ilimaliza kilomita 286 kwa dakika 138. Mwaka uliofuata treni ya chuma kisichoshika kutu iliyoitwa Zephyr ilitoka Denver hadi Chicago nchini Marekani, umbali wa zaidi ya kilomita 1,600, bila kusimama, kwa saa 13 na dakika tano. Treni ya mvuke isingeweza kufanya hivyo, hata kama ingekuwa na kasi hiyo, kwa sababu ingelazimika kusimama kunywa maji.

Treni hizo zilikuwa na udhaifu mmoja: injini ilikuwa sehemu ya mabehewa, kwa hiyo ikiharibika treni yote hulala karakana. Katikati ya miaka ya 1930 Wamarekani walianza kutumia vichwa vya dizeli vilivyojitenga na mabehewa, vilivyoundwa mahsusi kwa ajili ya abiria. Kila kimoja kilikuwa na injini mbili za nguvu farasi 900. Moja ikizima njiani, nyingine hufikisha treni stesheni. Gia zake zilichaguliwa kwa ajili ya mwendo mkubwa badala ya kuvuta uzito mkubwa, na ndani yake mlikuwa na boila dogo la kupasha mabehewa joto wakati wa baridi. Hizo ndizo tofauti kuu kati ya kichwa cha abiria na cha mizigo hadi leo, isipokuwa boila. Afrika Mashariki haikuwahi kulihitaji, ingawa abiria aliyeshuka Arusha alfajiri ya mwezi Julai angeweza kuwa na maoni tofauti.

Kundi la pili halikuwa na fedha za kutafuta kasi, lilitaka kunusurika. Reli ndogo ya County Donegal huko Ireland, nyembamba kuliko hata ile ya Arusha, iliweka dizeli katika behewa la abiria mwaka 1931. Abiria wake walikuwa wachache na stesheni zake ndogo. Kuwasha boila kwa ajili ya watu 20 ilikuwa hasara, ilhali kibehewa chenye injini ya lori kiliweza kusimama hata pasipo stesheni, mtu akipunga mkono.

Kundi la tatu, lililo muhimu zaidi kwa ulinganisho na Tanzania, ni nchi zilizokuwa mbali na makaa ya mawe. Argentina iliyaagiza kutoka Uingereza, na mapema katika miaka ya 1930 ikaanza kujaribu dizeli katika treni za abiria za vitongoji vya Buenos Aires. Siam, ambayo sasa ni Thailand, ilitegemea kuni. Reli yake ina upana wa mita moja kama ya Tanzania. Mwaka 1928 ilinunua Uswisi vichwa viwili vidogo vya dizeli, ikawa ya kwanza barani Asia, na miaka michache baadaye ikaagiza vikubwa zaidi kutoka Denmark. Mafanikio ya Siam yalionesha kuwa dizeli inaweza kufanya kazi katika nchi ya joto, katika reli nyembamba, na mbali na viwanda vilivyoiunda.

Jina la Meru katika reli ya Kenya

Afrika Mashariki haikufuata mfano huo mara moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Shirika la Reli na Bandari liliamua kuendelea na mvuke, likibadilisha tu kinachochomwa: mafuta mazito yalichukua nafasi ya kuni na makaa ya mawe. Kati ya mwaka 1955 na 1956 lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester vichwa 34 vya daraja la 59. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na hapakuwahi kuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivyo katika reli ya mita moja popote duniani.

Vichwa hivyo vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja kiliitwa Mlima Meru. Vingine viliitwa Monduli, Longido, Hanang, Lengai na Kilimanjaro, kiasi kwamba orodha yake inasomeka kama ramani ya Arusha na mikoa jirani. Pamoja na hayo, kazi yao ilikuwa kuvuta treni kati ya Mombasa na Nairobi. Mashine iliyobeba jina la Meru ilikuwa nzito mno kwa reli inayopita chini ya mlima huo. Kila ekseli yake iliyovuta ilikandamiza reli kwa tani 21, na reli nyepesi na madaraja ya njia ya Tanga havikujengwa kwa uzito wa namna hiyo.

Hapo ndipo lilipo suala linaloendelea kuamua huduma ya treni hadi sasa. Wananchi wengi hupima kichwa cha treni kwa nguvu ya injini. Wahandisi wa reli huanza kwa kuuliza uzito unaokaliwa na kila ekseli, kwa kuwa huo ndio unaopinda reli, kuvunja mataruma na kulegeza madaraja. Kichwa chenye nguvu nyingi kisichoruhusiwa kupita darajani hakina msaada kwa abiria aliye ng'ambo ya pili.

Dizeli inawasili

Mwaka 1960 vichwa vya kwanza vikubwa vya dizeli vya Afrika Mashariki viliwasili kutoka Uingereza. Viliundwa na kampuni ya English Electric katika kiwanda cha Vulcan, mjini Newton-le-Willows, kilekile kilichokuwa kimejenga vichwa vya mvuke vya daraja la 31 kwa ajili ya shirika hilohilo miaka minne au mitano tu kabla. Katika nchi yao Waingereza wenyewe walikuwa wameanza kutumia ndugu wa vichwa hivyo katika treni za kasi za abiria mwaka 1958, kutoka London kwenda Norwich.

Kila kichwa kilikuwa na nguvu farasi zaidi ya 1,800 na kilikalia ekseli nane. Sita kati yake zilikuwa na mota. Mbili, moja katika kila upande, zilikuwepo kwa ajili ya kubeba uzito tu. Mpangilio huo ulikuwa jibu la tatizo la reli nyepesi: uzito uleule uligawanywa kwa ekseli nyingi zaidi, hivyo kila moja ikakandamiza reli kidogo. Vilitumika kwa abiria na kwa mizigo, kwa sababu trafiki ya eneo hili haikutosha kuwa na makundi mawili ya vichwa.

Vichwa hivyo vilielekezwa kwenye njia kuu ya Kenya na Uganda. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa na trafiki kubwa zaidi, na hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari huko Timboroa. Kupanda huko ni mtihani hata kwa dizeli, kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi na injini inayokosa hewa hupungua nguvu; mashine zilizoundwa kwa ajili ya nchi za juu hufungwa kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya silinda. Tanganyika ilibaki na mvuke kwa muda mrefu zaidi. Kwa upande mwingine, mvuke haukuwa mzigo kwa kila mtu: mafundi wa karakana waliufahamu vizuri, vipuri vingi viliweza kufuliwa hapahapa nchini, ilhali injini ya dizeli ikikosa kipuri kimoja kutoka nje husimama kabisa. Nchi nyingi za Afrika zililijua hilo kwa gharama kubwa katika miaka ya 1980.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika hilo liliagiza vichwa vingine kutoka kiwanda cha Montreal, Kanada. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mali za reli kugawanywa, vile vya daraja la 88, vyenye nguvu farasi 2,000, vikawa uti wa mgongo wa Shirika jipya la Reli Tanzania. Vichwa vya mvuke viliendelea kuonekana nchini kwa miaka kadhaa baada ya hapo, vikipungua kidogo kidogo.

Wakati huohuo sehemu nyingine ya nchi ilikuwa imeruka hatua hiyo kabisa. Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ilianza kazi kwa dizeli. Treni zake za abiria zilizokwenda Kapiri Mposhi, umbali wa kilomita 1,860, zilivutwa na vichwa vya Kichina ambavyo badala ya jenereta vilitumia nguvu ya mafuta ya gia kuhamisha mwendo kutoka injini kwenda magurudumu. Miinuko ya Mlimba na Makambako ilivichosha, na katika miaka ya 1980 TAZARA ilinunua vichwa vya dizeli na umeme vilivyojengwa Ujerumani.

Kusimama na kurejea

Huduma ya abiria hadi Arusha ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye treni za mizigo nazo zikasimama. Injini haikuwa sababu pekee. Barabara ya lami iliwavuta abiria, vichwa vilivyobaki vilipelekwa Reli ya Kati iliyokuwa na mizigo zaidi, na njia isiyopitwa na treni ikaota majani. Baadhi ya watu walijenga na kulima ndani ya hifadhi yake. Reli isiyotumika huharibika haraka kuliko inayotumika, kwa sababu hakuna anayeikagua kila siku.

Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha tena umiliki wa miundombinu na uendeshaji wa treni chini ya Shirika la Reli Tanzania. Ukarabati wa njia ya kaskazini ulifuata: kubadilisha mataruma, kujaza kokoto, kuimarisha madaraja na kusafisha hifadhi ya reli. Treni za mizigo zilirejea Moshi mwezi Julai 2019, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika huko Desemba mwaka huo, na Oktoba 2020 ikawa zamu ya Arusha. Treni hiyo ya abiria hutumia kile kipande cha Ruvu hadi Mnyusi cha mwaka 1963. Shirika pia limepata vichwa vipya vya dizeli kwa ajili ya reli ya mita moja, vikiwemo vitatu vilivyotengenezwa Malaysia.

Kwa mwananchi wa Arusha na Arumeru, historia hii ina matokeo ya moja kwa moja. Reli hiyo ni nyepesi na hupita penye makorongo yanayoshusha maji ya mvua kutoka milimani, hivyo mwendo wa treni na uzito wa kichwa huwekewa mipaka, na mvua kubwa inaweza kulazimisha safari kusitishwa hadi tuta likaguliwe. Kichwa chenye nguvu zaidi hakiondoi mipaka hiyo. Mtu anayechimba mchanga kando ya daraja au kung'oa chuma cha reli anaifupisha njia yote, kwa kuwa treni haina njia ya kuchepuka. Ratiba na nauli hutangazwa na Shirika la Reli Tanzania, na abiria wanashauriwa kuthibitisha kabla ya siku ya safari, hasa katika msimu wa masika.

Kwingineko nchini dizeli yenyewe imeanza kupisha. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni za abiria za Reli ya Kisasa, maarufu SGR, kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma zinaendeshwa kwa umeme unaotoka katika nyaya zilizo juu ya njia, bila jenereta ya kubeba wala tangi la mafuta. Serikali imekwisha kufanya upembuzi wa njia ya kiwango hicho kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, pamoja na matawi ya kwenda Engaruka kwenye magadi soda na Minjingu kwenye fosfeti. Hadi njia hiyo itakapojengwa, treni itakayopanda kutoka Moshi kuelekea Mlima Meru itaendelea kuvutwa na dizeli, juu ya reli ya upana wa mita moja ambayo vichwa vya mvuke viliifikisha Arusha kabla ya mwaka 1930 kupita.